Kuboresha Kiwanda cha Kusafisha Mafuta: Uwezo na Faida

Pwani ya Afrika ya Mashariki iliwahi kuwa na viwanda viwili vya kusafisha mafuta. Cha kwanza kilianza kazi Changamwe, Mombasa, mwaka 1963. Cha pili, kilichojengwa kwa ushirikiano na Waitaliano, kilianza kazi Kigamboni, Dar es Salaam, mwaka 1966. Leo hakuna hata kimoja kinachosafisha mafuta. Cha Dar es Salaam kilikoma mwishoni mwa miaka ya 1990, na cha Mombasa kikakoma mwaka 2013. Yaliyobaki yenye kazi ni matangi, nayo hutumika kuhifadhia petroli na dizeli zilizosafishwa katika nchi nyingine.

Huenda mtu akadhani kwamba viwanda hivyo vilikufa kwa uzee. Sivyo. Kiwanda cha Baton Rouge, katika jimbo la Louisiana nchini Marekani, kilianza kazi mwaka 1909, nacho kingali kikisafisha mafuta. Ukweli ni kwamba kiwanda cha namna hii hakizeeki kama azeekavyo ng'ombe au mnazi. Sehemu zake hubadilishwa moja baada ya nyingine, mpaka baada ya miaka hamsini kikabaki na jina na kiwanja chake cha zamani, lakini mitambo iliyomo ni mingine kabisa. Kinachokiua kiwanda ni kuachwa kilivyo huku bei, sheria na mahitaji ya watu vikibadilika.

Kwa hiyo yafaa ieleweke jinsi mitambo ya zamani inavyoboreshwa, sayansi iliyomo katika kazi hiyo, na sababu inayofanya uboreshaji ufaulu mahali pamoja na ushindwe mahali pengine.

Yaliyomo ndani ya kiwanda

Mafuta ghafi, yaani mafuta kama yatokavyo ardhini, ni mchanganyiko wa kampaundi nyingi za haidrojeni na kaboni. Molekuli zake ndogo huchemka kwa joto dogo, na zile kubwa huhitaji joto kali. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa kazi yote ya mwanzo.

Kwanza mafuta huondolewa chumvi na maji, kwa sababu chumvi hula vyuma. Kisha hupashwa joto hatua kwa hatua, na mwisho hupitishwa katika mabomba yaliyomo ndani ya tanuri hadi yafikie nyuzi 350 hivi za Sentigredi. Yakiwa katika hali hiyo, sehemu kubwa imekwisha kuwa mvuke. Mvuke huo na mafuta yaliyosalia huingizwa katika mnara mrefu wenye sahani nyingi za chuma zilizotobolewa. Mvuke hupanda kwa kupenya matundu ya sahani, na kadiri unavyopanda ndivyo unavyopoa. Dizeli hugeuka kuwa kimiminiko katika sahani za chini, mafuta ya taa katika sahani za kati, na nafta, ambayo ndiyo asili ya petroli, hutokea juu kabisa pamoja na gesi. Kazi hii ya kuchemsha, kupoza na kutenga huitwa ukenekaji. Chini ya mnara hubaki mafuta mazito meusi, ambayo kwa desturi huuzwa kwa meli, vituo vya umeme na viwanda vya saruji.

Nafta haifai kutiwa katika injini kama ilivyo, kwani huifanya igonge. Hivyo hupelekwa kwenye mtambo wa pili, ambamo kichocheo cha platini hubadili umbo la molekuli zake ili namba ya okteni ipande. Mtambo wa tatu huondoa salfa kwa kutumia haidrojeni. Kiwanda chenye mitambo hii mitatu tu huitwa kiwanda sahili. Cha Mombasa kilikuwa cha aina hii, pamoja na mtambo wa kutengenezea lami. Sehemu ya pili ya kiwanda hicho, iliyoongezwa mwaka 1974, haikubadili tabia yake: mafuta mazito yaliyobaki chini ya mnara yaliendelea kubaki mafuta mazito.

Hesabu ya mapipa mia

Ubaya wa jambo hilo utaonekana kwa hesabu ndogo. Bei zinazotumika hapa zimechaguliwa kwa ajili ya zoezi tu, lakini uwiano wake unafanana na ule wa sokoni: mafuta mazito huwa rahisi kuliko mafuta ghafi yenyewe, na petroli na dizeli huwa ghali zaidi.

Tuseme mafuta ghafi yanunuliwa kwa dola 70 pipa. Mapipa 100 yatagharimu dola 7,000. Kiwanda sahili chatoa mapipa 60 ya petroli, mafuta ya taa na dizeli, yanayouzwa kwa dola 90. Chatoa mapipa 35 ya mafuta mazito, yanayouzwa kwa dola 50. Na mapipa 5 huteketea katika matanuri yake. Mapato ni dola 5,400 na dola 1,750, jumla dola 7,150. Ziada ni dola 150. Iwapo gharama za kuendesha kiwanda ni dola 3 kwa pipa, yaani dola 300, kiwanda kimepata hasara ya dola 150.

Kiwanda cha pili kina mitambo ya kuvunja mafuta mazito. Chatoa mapipa 82 ya bidhaa nyepesi na mapipa 11 tu ya mafuta mazito, na mapipa 7 huteketea. Mapato ni dola 7,380 na dola 550, jumla dola 7,930. Ijapokuwa gharama zake za uendeshaji ni kubwa zaidi, tuseme dola 5 kwa pipa, faida yake ni dola 430.

Hapo pana funzo ambalo wanafunzi wa biashara na wa kemia wanaweza kujifunza kwa pamoja. Kiwanda cha kwanza kikiongezewa uwezo mara mbili bila kubadili uwiano wa bidhaa zake, hakitapata faida. Gharama kwa kila pipa huenda zikapungua kidogo, lakini kitakuwa kinanunua mafuta mengi zaidi ili kutengeneza hasara nyingi zaidi. Kuongeza uwezo na kuongeza faida ni mambo mawili mbalimbali, na mhandisi hana budi kujua analotafuta kabla hajashika kalamu.

Kutafuta mahali palipobana

Tuchukue kwanza suala la uwezo. Wakazi wa Mombasa wanakijua kivuko cha Likoni. Barabara ya kwendea kivukoni ikipanuliwa hata mara tatu, magari yanayovuka kwa saa moja hayawezi kuzidi uwezo wa feri. Kiwanda nacho kimeungwa vivyo hivyo. Pampu, tanuri, mnara na vipoza mvuke vimefuatana kama shanga katika uzi, na kile chenye uwezo mdogo kuliko vyote ndicho kinachoamua uwezo wa kiwanda kizima.

Tuseme pampu zaweza kupitisha vipimo 130 kwa saa, tanuri 120, mnara 100, na vipoza mvuke 105. Uwezo wa kiwanda ni 100. Mnara ukiboreshwa ufikie 120, kiwanda hakitafikia 120 bali 105, kwa maana sasa vipoza ndivyo vinavyobana. Fedha zilizotumika kuongeza uwezo wa mnara kwa asilimia 20 zimeleta asilimia 5 tu. Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ya uboreshaji haihusu kununua chochote. Ni kupima: kiasi cha mafuta, halijoto na kanieneo katika kila kiungo, hadi orodha ya mahali panapobana ipatikane kwa utaratibu wake.

Mnara wenyewe hubanwa na nini? Mvuke hupanda na kimiminiko hushuka katika nafasi ileile. Mvuke ukizidi, huzuia kimiminiko kisishuke. Sahani hujaa, na dizeli hubebwa juu mpaka kwenye mafuta ya taa. Hapo hakuna tena utenganisho. Zamani dawa ilikuwa kujenga mnara mwingine ulio mpana zaidi. Siku hizi ganda la mnara huachwa palepale, na sahani za zamani hutolewa kupitia mlango wa ukaguzi, zikatiwa nyingine zenye matundu na njia za kushukia zilizosanifiwa vyema zaidi. Mnara haukuongezeka hata sentimita moja, lakini uwezo wake umeongezeka.

Katika mnara wa ombwe mabadiliko ni makubwa zaidi. Mafuta mazito hayawezi kupashwa joto sana kupita nyuzi 370 hivi, kwani molekuli zake huanza kuvunjika ovyo na kuganda kuwa makaa ndani ya mabomba ya tanuri. Njia ya kuyachemsha bila kuyaunguza ni kupunguza kanieneo. Kanuni hii ndiyo inayofanya maji yachemke kwa nyuzi 80 hivi kileleni mwa Kilimanjaro badala ya nyuzi 100 za pwani. Kwa hiyo mnara wa ombwe hufyonzwa hewa na mvuke mpaka kanieneo lake liwe sehemu ndogo sana ya lile la angahewa. Lakini kila sahani humzuilia mvuke njia kidogo, hivyo chini ya mnara kanieneo hubaki kubwa kuliko juu. Sahani zikiondolewa na mahali pake pakatiwa mabamba membamba ya chuma yaliyokunjwakunjwa, mvuke hupita kwa urahisi, kanieneo la chini hushuka, na mafuta mengi zaidi huwa mvuke kwa joto lilelile. Mabaki mazito yamepungua bila kuongeza kuni.

Joto lisipotee

Tanuri aghalabu ni mahali pengine panapobana, na kujenga jipya ni ghali. Njia nyingine ni kulipunguzia kazi. Dizeli itokayo katika mnara ni ya moto sana, nayo ni lazima ipozwe kabla ya kwenda tangini. Mafuta ghafi yaingiayo ni ya baridi, nayo ni lazima yapashwe. Busara ni kuyapitisha mafuta haya mawili katika mabomba yanayogusana, ili moja liazime joto la jingine.

Mwanafunzi wa fizikia anajua kwamba wingi wa joto ni zao la tungamo, joto mahsusi na badiliko la halijoto. Tuseme mafuta huingia katika tanuri yakiwa na nyuzi 230 na kutoka yakiwa na nyuzi 360. Badiliko ni nyuzi 130. Vyombo vya kupokezana joto vikiongezwa hadi mafuta yaingie yakiwa na nyuzi 256, badiliko ni nyuzi 104 tu. Kwa kuwa 130 gawanya kwa 104 ni 1.25, tanuri lilelile, likichoma kiasi kilekile cha mafuta, lingeweza kupitisha asilimia 25 zaidi. Kwa kweli ongezeko huwa dogo kuliko hilo, kwa sababu sehemu ya joto hutumika kugeuza kimiminiko kuwa mvuke bila kupandisha halijoto. Hata hivyo kanuni ni ileile: joto lililookolewa ni uwezo ulioongezwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Bodo Linnhoff na wenzake nchini Uingereza walitoa njia ya kukokotoa kiasi kidogo kabisa cha joto kinachohitajiwa na kiwanda chochote, kabla hata ya kuchora bomba moja. Tangu wakati huo wahandisi wanaoboresha kiwanda cha zamani huweza kujua tangu mwanzo ni joto kiasi gani linapotea bila sababu.

Kichocheo kipya katika chombo cha zamani

Uboreshaji wa gharama ndogo kuliko wote ni kubadili kichocheo. Hapa chombo cha chuma kinabaki kilekile, ila unga au vidonge vilivyomo ndani yake hubadilishwa.

Mwaka 1942 mtambo wa kwanza wa kuvunja molekuli kubwa kwa kichocheo cha unga uliopeperushwa kama kimiminiko ulianza kazi huko Baton Rouge. Kichocheo huivunja molekuli kwa nyuzi 500 na kitu, hufunikwa na makaa, kisha hupelekwa katika chombo cha pili ambamo makaa huchomwa. Joto la kuchoma makaa hayo ndilo hurudi kuendesha kazi ya kuvunja. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1960, Charles Plank na Edward Rosinski wa kampuni ya Mobil walianzisha matumizi ya zeolaiti, madini yenye vijitundu vya ukubwa uliolingana na molekuli. Mitambo iliyokuwa imekwisha kujengwa ikaanza kutoa petroli nyingi zaidi kutoka katika mafuta yaleyale na kufanya makaa machache zaidi. Kwa kuwa makaa yalipungua, chombo cha kuyachomea kilipata nafasi, na mtambo ukaweza kupokea mafuta mengi zaidi. Hivyo badiliko moja la kikemia liliongeza faida na uwezo kwa wakati mmoja.

Mfano wa pili ni ule wa nafta. Vladimir Haensel wa kampuni ya UOP ndiye aliyeanzisha matumizi ya platini katika kazi hii, na mtambo wa kwanza ulifunguliwa mwaka 1949. Moja ya mabadiliko yanayotokea humo yaweza kuandikwa hivi:

C7H14 → C7H8 + 3H2

Molekuli moja ya gesi imetoa molekuli nne. Kufuatana na kanuni ya Le Chatelier, kanieneo dogo husaidia badiliko hilo liendelee. Lakini kwa kanieneo dogo makaa hufunika platini upesi, hivyo wahandisi wa kwanza walilazimika kutumia kanieneo kubwa na kuridhika na mavuno madogo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 platini ilianza kuchanganywa na reniamu, nacho kichocheo hicho kikastahimili makaa kwa muda mrefu zaidi. Mitambo ya zamani ikaweza kushusha kanieneo na kupata petroli bora zaidi.

Mabadiliko ya namna hii yalikuwa ya lazima pale risasi ilipoondolewa katika petroli. Kwa miaka mingi viwanda sahili viliongeza okteni kwa kutia kampaundi za risasi, ambazo ni sumu, hasa kwa ubongo wa mtoto. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilikubaliana huko Dakar mwaka 2001 kuiacha, na kufikia mwanzo wa mwaka 2006 karibu zote zilikuwa zimeiacha. Tangu hapo okteni ilipaswa kutoka katika mtambo wenyewe.

Angalia pia zile molekuli tatu za haidrojeni katika mlinganyo wa hapo juu. Haidrojeni hiyo ndiyo inayotumika kuondoa salfa katika dizeli. Kwa hiyo mtambo wa nafta ukilegea, mtambo wa salfa nao hukosa chakula. Katika kiwanda hakuna mtambo unaoishi peke yake.

Kuvunja mafuta mazito

Njia zilizotajwa mpaka sasa hukinufaisha kiwanda, lakini hazitoshi kuokoa kile kinachopata hasara kwa sababu ya mafuta mazito. Kwa tatizo hilo hapana budi kuongeza mitambo mipya: mnara wa ombwe, mtambo wa kuvunja kwa kichocheo, mtambo wa kuvunja kwa haidrojeni, au mtambo wa makaa, ambamo mabaki mazito kabisa huachwa katika matangi makubwa ya moto hadi yatoe mafuta mepesi na kuacha makaa ya petroli.

Mmarekani Wilbur Nelson alitoa kipimo cha kulinganisha viwanda. Mnara wa kwanza wa ukenekaji ulipewa namba 1, na kila mtambo mwingine ukapewa namba kulingana na gharama yake ukilinganishwa na mnara huo. Mtambo wa kuvunja kwa kichocheo, kwa mfano, hupewa 6. Namba ya kila mtambo huzidishwa kwa sehemu ya mafuta inayopita humo, kisha zote hujumlishwa. Kiwanda chenye jumla kubwa chaweza kununua mafuta ghafi mazito na ya bei rahisi, kikatoa bidhaa nyepesi za bei ghali.

Mfano wa Vadinar

Ng'ambo ya Bahari ya Hindi, katika Ghuba ya Kachchh ambako majahazi ya zamani yalikuwa yakija Mombasa na Unguja kwa pepo za kaskazi, kipo kiwanda cha Vadinar. Kampuni ya Essar ya India ilikiendesha hapo mwanzo kwa uwezo wa tani milioni 10.5 kwa mwaka. Kufikia Machi 2012 kilikuwa kimepanuliwa hadi tani milioni 18, na mitambo kadhaa ikaongezwa, ukiwamo mkubwa wa makaa.

Palikuwapo kiwandani mtambo wa kupunguza mnato, yaani wa kuyavunja mafuta mazito kidogo tu ili yatiririke kwa urahisi. Baada ya mtambo wa makaa kuanza, mafuta mazito hayo yalipata mahali pengine pa kwenda, na mtambo wa mnato ukawa hauna kazi. Wahandisi hawakuung'oa wala kuuacha ushike kutu. Mtambo wa mnato una tanuri, mnara, pampu na vyombo vya kupokezana joto, yaani karibu kila kitu kinachohitajiwa na mtambo wa ukenekaji. Waliugeuza kuwa mtambo wa kukeneka mafuta ghafi. Kufikia Juni 2012 uwezo ulikuwa umefikia tani milioni 20, sawa na mapipa 405,000 hivi kwa siku, na kipimo cha Nelson kilikuwa 11.8. Tani milioni mbili za mwisho zilipatikana kwa kukipa chombo cha zamani kazi mpya.

Tuangalie utaratibu wa kazi hiyo. Mtambo wa makaa ulitangulia, kwa maana ndio uliofanya mafuta mazito yawe na faida. Ongezeko la mwisho la uwezo likafuata.

Mombasa ilikwamia wapi?

Kampuni hiyohiyo ya Essar ilinunua nusu ya kiwanda cha Mombasa mwaka 2009, nusu nyingine ikiwa ya Serikali ya Kenya. Ulikuwapo mpango wa kukiboresha, uliokadiriwa kugharimu dola bilioni 1.2 hivi. Mpango haukutekelezwa. Mwaka 2013 mwekezaji aliamua kwamba hauwezi kulipa, akatangaza kujitoa, na kiwanda kikaacha kusafisha mafuta. Ujuzi wa uhandisi haukukosekana, maana ni kampuni ileile iliyokuwa imekamilisha kazi ya Vadinar mwaka mmoja tu kabla ya hapo. Kilichokosekana chaweza kuelezwa kwa hesabu.

Wahandisi wa kemia hutumia kanuni ya takriban isemayo kwamba gharama ya mtambo haiongezeki sawasawa na uwezo wake, bali kwa uwezo uliopandishwa kipeo cha 0.6. Mtambo wenye uwezo mara mbili hugharimu mara 1.5 hivi. Sababu yake ni ya jiometri: ujazo wa tangi huongezeka upesi kuliko eneo la chuma kilicholizunguka. Kiwanda cha Mombasa kilisafisha tani milioni 1.6 kwa mwaka, karibu mapipa 35,000 kwa siku. Vadinar ni kikubwa mara 11.5 hivi. Kwa kanuni hiyo, mitambo ya aina moja ingegharimu Vadinar mara 4.3 tu ya gharama ya Mombasa. Kwa kila pipa, basi, Vadinar ingelipa asilimia 38 hivi ya kile ambacho Mombasa ingelipa. Na bidhaa za viwanda vikubwa vya ng'ambo zilikuwa zikishushwa katika bandari ileile ya Mombasa, zikishindania soko lilelile.

Tena mahitaji ya ubora hayakusimama yakingoja. Mwanzoni mwa mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Kiwanda sahili kilichojengwa miaka ya 1960 hakikukusudiwa kufikia kipimo hicho. Kila mwaka uliopita bila uboreshaji uliongeza orodha ya kazi, mpaka gharama ya kuzifanya zote kwa mara moja ikashinda thamani ya kiwanda. Hatua zile ndogondogo zilizoelezwa hapo juu zina faida hii moja kubwa: hulipa deni kidogokidogo. Hata hivyo haifai kudai kwamba zingeliweza peke yake kufuta tofauti ya ukubwa iliyokuwapo.

Usalama haupanuki wenyewe

Lipo jambo moja ambalo hesabu ya faida haiwezi kulionyesha. Uwezo wa mtambo ukiongezwa, vali za kupunguzia kanieneo, mabomba ya dharura na mnara wa kuchomea gesi ni lazima vipimwe upya. Kifaa kilichotosha kwa mafuta ya mwaka 1963 huenda kisitoshe kwa mafuta ya leo. Tarehe 23 Machi 2005, katika kiwanda cha Texas City nchini Marekani, mnara mmoja ulijazwa kupita kiasi wakati wa kuwashwa. Mafuta yalifurika kupitia bomba refu la kizamani lililoelekea hewani badala ya kwenda kwenye mnara wa kuchomea gesi. Yalilipuka, na watu 15 wakafa. Bomba la aina hiyo lingaliweza kubadilishwa miaka mingi kabla ya hapo. Kifaa cha usalama hakileti hata senti moja kikiwa kimetulia, na ndiyo maana huahirishwa kwa urahisi.

Yanayofaa kukumbukwa

Suala hili halijaisha katika eneo letu. Uganda imekusudia kujenga kiwanda cha mapipa 60,000 kwa siku huko Kabaale, katika Wilaya ya Hoima, kwa ajili ya mafuta yake yenyewe. Kwa ukubwa kitakuwa karibu na Mombasa kuliko Vadinar, ingawa umbali wake kutoka baharini humfanya mshindani wa ng'ambo alipe usafiri mrefu wa nchi kavu. Umbali huo ni kinga, lakini si kinga ya milele. Wanaosanifu kiwanda cha namna hiyo hawana budi kuacha nafasi kiwanjani kwa mitambo itakayoongezwa, kuhifadhi vipimo vya kila siku, na kutenga fedha za kuondoa kibano kimoja kila mara kiwanda kinaposimamishwa kwa matengenezo.

Wala kazi hii haihitaji sayansi iliyo mbali na darasa la sekondari. Kuchemka chini ya kanieneo dogo, wingi wa joto, kanuni ya Le Chatelier, uwiano wa eneo na ujazo: hizo ndizo zilizoamua hatima ya viwanda vilivyotajwa hapa. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi ile hesabu ya mapipa mia, kisha abadili bei ya mafuta mazito kutoka dola 50 hadi 60. Watakuta kwamba kiwanda sahili sasa kinapata faida ya dola 200, na watafahamu kwa nini miaka ya bei nzuri ndiyo hatari zaidi. Katika miaka hiyo kiwanda hujiona kimepona, wakati ndio hasa wakati pekee ambapo kina fedha za kujitibu.